Kuyalinda Maji ya Kunywa Baada ya Kuyachemsha

Katika nyumba nyingi maji huchemshwa vizuri jioni, lakini hadi asubuhi yamekwisha kuchafuka tena, kwa sababu yalimiminwa kwenye ndoo isiyo na mfuniko na kila mwenye kiu akachota kwa kikombe chake huku vidole vikigusa maji. Kuchemsha ni nusu tu ya kazi.

Kwanza yatazame maji yenyewe. Yakiwa na tope, yaache yatulie, kisha uyachuje kwa kitambaa safi cha pamba kilichokunjwa mara nne au zaidi. Kanga kuukuu iliyofuliwa mara nyingi hufaa kuliko mpya, kwa kuwa nyuzi zake zimelegea na kuziba matundu. Kuchuja peke yake hakuui vijidudu, ila huondoa tope ambalo hupunguza nguvu ya dawa ya kutibu maji na kuzuia mwanga wa jua usiue vijidudu.

Baada ya hapo chemsha hadi maji yatokote kwa nguvu kwa dakika 1. Ukiishi penye mwinuko unaozidi meta 2,000, kama uwanda wa Kitulo, ongeza ziwe dakika 3, kwa sababu huko juu maji huchemka kwa joto dogo zaidi. Hakuna haja ya kuyaacha jikoni nusu saa, na familia inayonunua mkaa kwa kopo inastahili kulijua hilo. Pasipo na kuni wala mkaa, tumia dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa au pakiti yake, usubiri dakika 30; au jaza maji maangavu katika chupa safi za plastiki zisizo na rangi, zisizozidi lita 2, uzilaze juu ya bati kwenye jua kali kwa saa 6, au kwa siku 2 mfululizo iwapo kuna mawingu.

Sasa lijalo ndilo linalosahauliwa. Maji yapoe ndani ya sufuria ileile, yakiwa yamefunikwa, wala usiyapoze kwa kuongeza maji mabichi au barafu usiyojua imetengenezwa kwa maji gani. Yahamishie kwenye dumu lenye mdomo mwembamba au ndoo yenye mfuniko na koki, iliyooshwa kwa sabuni na kusuuzwa kwa maji yaliyotibiwa. Mtungi hupoza maji vizuri sana, nami singemshauri mtu autupe. Uwe na mfuniko, na kata ya mpini mrefu ambayo hutundikwa ukutani, haiwekwi chini wala kunywewa. Maji hayohayo yatumike kupiga mswaki na kuoshea matunda na mboga za kachumbari.

Wakazi wa maeneo yanayozunguka Mlima Meru wanahitaji tahadhari nyingine. Maji ya baadhi ya chemchemi na visima huko yana madini mengi ya floraidi, ambayo huyageuza meno ya watoto kuwa ya kahawia na, yakizidi kwa miaka mingi, hudhuru mifupa. Kuchemsha hakuyaondoi, maji yakipungua kwa mvuke, floraidi huzidi kukolea. Huko hutumika chujio la mkaa wa mifupa, ambalo limefanyiwa utafiti katika kituo cha Ngurdoto, au maji ya mvua yaliyovunwa kwenye paa safi.

Mtu akianza kuharisha, changanya lita 1 ya maji yaliyotibiwa na vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa, kwani chumvi ikizidi huweza kumdhuru mtoto. Mpe kidogo kidogo huku mkielekea kituo cha afya, na kitakachobaki baada ya saa 24 kimwagwe.