Somo: Kuwalisha bakteria wa utumbo wa mzee

Wengi wetu hapa Lamu tuna mzee nyumbani ambaye mlo wake umebaki chai na boflo. Meno hayapo, hamu haipo, nasi twaona heri ale hicho kuliko kulala na njaa. Lakini boflo karibu lote huishia kwenye utumbo mwembamba, na bakteria walio wengi wanakaa chini zaidi, kwenye utumbo mpana. Huko hakufiki kitu.

Wanachotaka ni nyuzinyuzi, ile sehemu ya mimea ambayo sisi hatuwezi kuimeng'enya. Wakizichachusha hutoa asidi kama butireti, inayolisha seli za ukuta wa utumbo. Ukuta huo ukilegea, mabaki ya bakteria hupenya hadi damuni, na mwili huwa kama unapigana vita visivyokwisha. Hali hiyo inahusishwa na misuli kupungua na akili kufifia. Mwaka 2012 watafiti wa Ayalandi walichunguza wazee 178. Waliokaa makao ya wazee kwa muda mrefu walikuwa na aina chache za bakteria kuliko walioishi majumbani, na chakula chao kilikuwa duni zaidi.

Hatua ya 1: mbaazi. Ziloweke usiku kucha, mwaga maji yale, zichemshe mpaka zivurugike, ndipo uziunge kwa nazi. Wiki ya kwanza mpe vijiko viwili tu kwa siku. Ukimjazia sahani, tumbo litajaa gesi, na mzee akishachukia kitu, basi tena.

Hatua ya 2: badala ya boflo, mkate wa mofa wa mtama, uchovywe mchuzini hadi ulainike. Kisamvu na papai havihitaji meno.

Hatua ya 3: maziwa lala bila sukari, mara kwa mara, kwa kuwa bakteria wake wengi hupita tu, hawakai.

Hatua ya 4: maji, hata asipoona kiu. Na atoke, japo hadi barazani.

MASWALI

*Asalaam aleikum dada. Bibi apenda kiporo cha wali. Nimkataze?*
Waaleikum salaam. La. Wali uliopoa una wanga usiomeng'enywa upesi, na bakteria huupenda. Ila kwa joto letu usiulaze mezani: uingie friji mapema, na asubuhi upashwe moto sawasawa.

*Mama ameanza kusahau. Chakula kitamponya?*
Hakitamponya. Utafiti wa Ulaya uliotangazwa 2020 ulifuata wazee 612 kwa mwaka mmoja. Walioshika lishe ya mboga, kunde na samaki, bakteria wao walibadilika, na mabadiliko hayo yaliendana na udhaifu kupungua na akili kuwa bora. Huo si ushahidi wa tiba. Usahaulifu ukija ghafla, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.

*Babu akiharisha tu hununua antibiotiki dukani.*
Mzuieni. Huua hata bakteria wema, na kwa mzee huweza kumwachia kuhara kubaya zaidi. Mpeni maji ya ORS (ile pakiti yenye chumvi na sukari pamoja), apimwe kwanza.

*Na mwenye ugonjwa wa figo?*
Huyo asianze mbaazi kabla ya kumuuliza daktari wake. Zina potasiamu nyingi, madini ambayo figo mgonjwa hushindwa kuyatoa mwilini.