Jinsi ya kumwanzisha mwoga kwenye filamu za kutisha

Mdogo wangu wa mwisho nilimharibu mwenyewe. Alikuwa na miaka 22, akanijia jioni moja na kusema, "Dada, leo na mimi niwekee hizo picha zako." Nikafurahi kupita kiasi. Nikamwekea Hereditary, filamu ya Ari Aster ya mwaka 2018, ambayo mimi iliniacha nimekaa gizani nikitazama majina yakipanda mpaka yakaisha. Ilipofika ile safari ya gari usiku (walioiona wanaijua, wasioiona siwaharibii uhondo) kijana akasimama, akawasha taa, akaondoka bila kuaga. Alilala taa ikiwaka wiki nzima. Hadi leo ukimtajia filamu ya kutisha swali lake la kwanza ni, "Ina mtoto ndani?"

Kosa lilikuwa langu. Ile si filamu ya kuanzia. Tangu siku hiyo nimewaanzisha watu watano, akiwamo shemeji yangu ambaye zamani alikuwa akisikia tu muziki wa trela anatoka sebuleni. Wanne sasa ndio wanaonisumbua niwatafutie nyingine. Wa tano alisema basi katikati ya filamu ya pili, nikamwacha, na tunasalimiana vizuri tu. Utaratibu wangu ni huu.

Muulize anaogopa nini hasa

Usimuulize kama anaogopa. Kila mtu atasema haogopi, halafu utamkuta amejifunika shuka. Muulize ni kitu gani kinamkosesha usingizi, maana waoga hawafanani. Yupo asiyestahimili damu lakini mzimu anaucheka. Yupo anayeangalia watu wakikatwa mapanga huku anachati, ila ukimwonyesha mlango ukifunguka wenyewe anaanza kusali. Na yupo ambaye hana neno na chochote kati ya hivyo, anachochukia ni kushtuliwa tu.

Daraja la umri halitakusaidia hapa. The Conjuring ya 2013 haina damu nyingi na bado Marekani iliwekewa daraja la R (aliye chini ya miaka 17 haingii bila mtu mzima), sawa na filamu ambazo watu wanachinjwa kuanzia dakika ya kwanza. Asiyependa damu ataiweza ile, lakini mwoga wa mashetani usimsogeze karibu nayo. Kwa asiyetaka damu kabisa nina The Haunting ya Robert Wise, ya 1963: mzimu hauonekani hata mara moja, kuna mlango tu wa mbao unaobinuka kuelekea ndani kama unaosukumwa na pumzi ya kitu kikubwa. Nimeona mlango ule mara nyingi na bado huwa najikunyata.

Mfundishe kuziba masikio

Hili ndilo jambo kubwa kuliko yote, na karibu kila mtu hulifanya kinyume. Mwoga akizidiwa hufumba macho. Akishafumba, kinachobaki ni sauti peke yake, na sauti ndiyo iliyokuwa ikimtisha tangu mwanzo. Sasa ubongo wake unachora picha mbaya kuliko ile iliyopo kwenye kioo. Mwambie afanye kinyume: akizidiwa, azibe masikio na macho ayaache wazi. Jaribu mwenyewe na tukio lolote unaloliogopa. Ondoa sauti, na utamwona mtu aliyepakwa rangi akitembea polepole kwenye korido. Basi.

Kwa sababu hiyo mimi huanza na Jaws ya Steven Spielberg, ya 1975. Watu hushangaa: "Ile ya papa?" Ndiyo, ile ya papa. Kuna jua, watu wanaoga, watoto wanacheka, mgeni wako hajui hata kama ameshaingizwa. Papa wa mashine waliyemtengeneza alikuwa akiharibika kila mara kwenye maji ya chumvi, Spielberg akalazimika kupiga picha bila papa. Ndiyo maana inapita saa nzima na zaidi kabla hujamwona sawasawa. Na hata baada ya hapo mara nyingi unaona mapipa ya njano tu yakikimbia juu ya maji, na unajua chini yake kuna nini.

Halafu kuna zile noti mbili za muziki za John Williams, zinazopigwa papa akikaribia. Mwambie mgeni wako azisikilize kama mlinzi anavyosikiliza geti. Kuna tukio la pezi linalokata maji karibu na waogaji, watu wanakanyagana kutoka baharini, kumbe ni watoto wawili wamebeba pezi la boksi. Muziki haukupigwa. Filamu ilikuwa imekwambia ukweli, wewe hukusikia. Mgeni akishalijua hilo anaanza kujiamini: hakuna noti, hakuna papa. Anatulia. Na hapo, mkuu wa polisi akiwa anatupa vipande vya chambo nyuma ya mashua huku analalamika, papa anatokeza kichwa bila noti hata moja. Shemeji yangu aliruka na mto. Aliponiangalia alikuwa anacheka, nikajua nimempata.

Chumba

Taa zima, lakini acha moja ya chumba cha pili kwa filamu mbili za kwanza. Simu ziwe mbali, na yako ianze. Usitazame mchana kwenye kioo kinachorudisha dirisha. Filamu hizi zimejaa weusi, na ukiona pazia lako ndani ya weusi huo umepoteza kila kitu. Ile mipangilio ya runinga inayolainisha mwendo uizime, inafanya kila filamu ionekane kama tamthilia. Sauti ipime kwenye tukio la mazungumzo, ukisikia maneno vizuri usiiguse tena. Wanaopunguza sauti kila panapotisha na kuongeza watu wanapoongea wanajitesa bure.

Rimoti mpe mwoga. Mwenye uwezo wa kusimamisha husimamisha mara chache kuliko anayelazimika kukuomba. Na umkalishe mgongo ukutani. Mgongo kuelekea mlango ulio wazi ni kiti cha waliobobea, mimi ndipo ninapokaa.

Filamu ya pili na ya tatu

Ya pili ni Psycho, ya 1960. Usimwambie lolote, hata kama ni nani stelingi. Sote tumekua tukijua kwamba stelingi hafi. Anaweza kupigwa risasi saba, atainuka. Alfred Hitchcock aliijua imani hiyo akaikanyaga kabla filamu haijafika nusu, na alitaka majumba ya sinema yasimruhusu mtu kuingia picha likishaanza. Kwa mwoga wa damu ni zawadi, kwa sababu ni nyeusi na nyeupe na kile kinachotiririka bafuni ni sharubati ya chokoleti. Hitchcock alitaka tukio lile lisiwe na muziki kabisa. Bernard Herrmann akaandika muziki wake wa nyuzi hata hivyo, akamsikilizisha, mzee akabadili mawazo. Zima sauti pale bafuni uone kinachobaki.

Ya tatu ni Halloween ya John Carpenter, 1978. Hapa ndipo ninapomfundisha mtu kuangalia pembeni. Karibu na mwisho, msichana amesimama analia kando ya mlango wa chumba chenye giza. Usimwangalie yeye. Angalia weusi ule nyuma ya bega lake. Polepole sana, bila kishindo, uso mweupe unajitokeza humo, kama macho yako ndiyo yameanza kuzoea giza. Ule uso ni barakoa ya dukani ya Kapteni Kirk wa Star Trek, iliyonunuliwa chini ya dola 2 na kupakwa rangi nyeupe. Muziki Carpenter aliutunga mwenyewe. Filamu zilizofuata za mfululizo huo siwalazimishi watu.

Kushtuliwa

Wengi huchanganya kutisha na kushtua. Kushtua hata mlango ukibamizwa na upepo unashtua. Mwonyeshe Cat People ya Jacques Tourneur, ya 1942, hata kama ni kipande tu: mwanamke anatembea peke yake usiku kando ya ukuta, nyuma yake mwingine anamfuata. Unasikia viatu vya wawili, ko, ko, ko. Kisha vya nyuma vinanyamaza. Wa mbele anageuka, hakuna mtu. Anaharakisha, anasimama, na papo hapo kitu kinavuma kama chui mkubwa mbele ya uso wako. Ni basi limefunga breki. Waliokuwa wakifanya kazi na mtayarishaji Val Lewton wakaubatiza mtindo huo "basi", na filamu za leo bado zinaishi kwa basi lile lile.

Tofauti ni kwamba lile basi la 1942 lilitangulizwa na dakika nzima ya viatu. Siku hizi wanatupa paka kutoka kabatini na kelele ya kupasua ngoma za masikio, hakuna aliyekuwa akisubiri chochote. Kipimo changu ni rahisi: ukishashtuka ukacheka na kusahau, umeibiwa. Ukishashtuka ukaendelea kuutazama ule mlango, mwongozaji amefanya kazi.

Sasa mlete huku karibuni

Get Out ya Jordan Peele, 2017, msomaji wa Kiswahili ana faida ambayo wenzetu hawana. Wimbo wa mwanzoni, wa Michael Abels, unaitwa Sikiliza kwa Wahenga na umeimbwa kwa lugha hii hii. Watazamaji wengi duniani walisikia mnong'ono wa kigeni tu. Wewe unasikia sauti za wazee zikimtahadharisha jamaa akimbie, kabla hata hajafunga begi. Mara ya kwanza niliruka nikasema, "Wanamwambia!" na kila mtu chumbani akanitazama kama mimi ndiye niliyepagawa.

Baada ya hapo mpe A Quiet Place ya 2018, ambamo anayetoa sauti anakufa, na msumari mmoja uliochomoza kwenye ngazi unakutesa kwa muda mrefu kuliko madude yenyewe. Lupita Nyong'o mtazameni katika Us ya 2019, akicheza watu wawili wanaochukiana; halafu A Quiet Place: Day One ya 2024, ambamo anafanya kwa macho kile ambacho wengine hukifanya kwa mayowe. Sinners ya Ryan Coogler, 2025, naipenda zaidi saa yake ya kwanza, kabla wanyonya damu hawajabisha hodi. Weapons ya mwaka huo huo ina watoto wanaotoka majumbani saa 8 na dakika 17 usiku na kukimbia mikono wameitanua, na pia inachekesha, jambo ambalo mwoga hulihitaji sana. The Substance ya 2024 usimpe asiyependa damu, hata akikuomba kwa sababu ya Demi Moore. Mimi damu hainisumbui na bado naona mwisho wake ungepunguzwa.

Lalamiko langu moja kuhusu hizi mpya: kila mzimu siku hizi ni msiba wa mtu. The Babadook ya Jennifer Kent, 2014, ilifanya hivyo ikafanya vizuri, tangu hapo jini halitoki tena kuzimu, linatoka ofisini kwa mwanasaikolojia. Mara moja moja ningependa jini liwe jini tu. Kama lile la Alien ya 1979, ambalo ndani yake alikuwemo Mnigeria, Bolaji Badejo, mwanafunzi wa sanaa mwenye urefu wa zaidi ya mita mbili, na hakuwahi kucheza filamu nyingine. Halina huzuni yoyote. Linataka kukuua.

The Exorcist, 1973, iweke mwisho, na kwa mwenye hofu ya mashetani mwachie aamue mwenyewe. Chumba cha kulala kilipozwa kwa mitambo hadi pumzi za waigizaji zikaonekana, kwa hiyo ule mvuke ni baridi ya kweli. Lakini ukiniuliza mimi, tukio baya kuliko yote halina shetani. Ni lile la hospitalini, mashine zikigonga na sindano ikiingia shingoni mwa mtoto.

Baada ya picha kuisha

Usimpeleke moja kwa moja kitandani. Hapo hapo mwonyeshe namna ilivyotengenezwa: sharubati, barakoa, mashine ya papa iliyolowa. Hofu inapungua usiku huo na filamu haipungui kitu. Na usimtanie siku ya pili kwa kujificha nyuma ya mlango. Najua unatamani. Nilimfanyia hivyo yule wa tano baada ya filamu ya kwanza, na ya pili hakuimaliza.

Mdogo wangu alirudi mwezi uliopita, miaka yote hiyo baadaye. Hakusema amekuja kwa ajili gani, alikaa tu na kuuliza kama ile ya papa ina mtoto. Nikamwambia ukweli, kwamba yupo, na ni mapema. Akafikiri kidogo, akasema weka. Nikampa rimoti na upande wa ukutani. Alisimamisha picha mara mbili. Mara ya kwanza alikwenda kunywa maji, akakaa huko muda mrefu kuliko kiu. Mara ya pili nilidhani anaondoka, kumbe alikuwa anarudisha nyuma, ayaone tena mapipa.