Somo: Kumwombea mgonjwa kitandani kwa Zaburi ya 13

Bwana Yesu asifiwe. Tumsifu Yesu Kristo.

Anayeuguza hukwama palepale: amefika kando ya kitanda, ameshika mkono wa mgonjwa, na maneno hayaji. Au yanakuja mengi mno, mgonjwa anachoka kabla ya amina. Zaburi ya 13 ina mistari sita tu na imeshapanga sala yote. (Katika baadhi ya vitabu vya Kikatoliki utaikuta kama ya 12, hesabu ndiyo inayotofautiana.)

1. Uliza kwanza. "Tuombe? Tuombee nini hasa?" Wewe umekuja na uponyaji kichwani, yeye anataka apate usingizi usiku wa leo, au anawaza ada ya mtoto. Bartimayo alikuwa kipofu wazi mbele ya watu, na bado Yesu alimwuliza anataka afanyiwe nini (Marko 10:51). Akisema hataki kuombewa, kaa naye tu.

2. Shusha sauti. Wodi ni ya wengi, na jirani yake huenda katoka upasuaji. Vuta kiti, usikalie mirija ya dripu. Dakika tano hadi kumi zinatosha. Nesi akija na dawa, mpishe.

3. Soma mstari wa 1 na 2, kisha nyamaza. "Ee BWANA, hata lini utanisahau, hata milele?" Neno "hata lini" limerudiwa mara nne katika mistari hiyo miwili, wala si kwa bahati mbaya. Hapa ndipo waombaji wengi huteleza: wanaruka manung'uniko na kukimbilia shukrani, wakidhani kulalamika ni kukosa imani. Matokeo yake mgonjwa anajifunza kumficha Mungu machozi yake, na kukuficha wewe pia. Mwachie nafasi aseme "hata lini" yake: hata lini sindano, hata lini kuoshwa na watoto wake mwenyewe. Asiposema kitu, nusu dakika ya kimya ni sala tosha. Usimsahihishe.

4. Mstari wa 3 na 4: ombi. Taja jambo moja au mawili, lile alilokuambia katika hatua ya kwanza: homa ishuke, damu ipatikane, mkono wa daktari utulie kesho. Msianze na "mapenzi yako yatimizwe" ili kukwepa kuomba. Getsemani Yesu aliomba waziwazi kikombe kiondolewe, ndipo akakabidhi mapenzi kwa Baba (Marko 14:36). Mpangilio huo una maana.

5. Mstari wa 5 na 6: tumaini. Mgonjwa hana nguvu ya kusema? Msomee wewe, yeye asikilize. Malizieni kwa Baba Yetu, maana hata aliyedhoofika sana mara nyingi anaikumbuka. Kisha nyamaza. Usitangaze "umepona", wala usimtafutie dhambi iliyomlaza. Wanafunzi walijaribu hilo kwa yule aliyezaliwa kipofu, Yesu akawakatalia (Yohana 9:3).

Maswali ya wanachama

*Mafuta ninunue yapi, nimpake wapi?*
Yakobo 5:14 hakutaja aina. Wengi hutumia ya zeituni. Lakini soma vizuri: mgonjwa ndiye anayeita, nao wanaoitwa ni wazee wa kanisa. Kwa Wakatoliki, Mpako wa Wagonjwa hutolewa na padre au askofu tu, kwenye paji la uso na mikono, na unaweza kurudiwa ugonjwa ukizidi. Msisubiri hadi roho inatoka ndipo mumwite padre. Na mgonjwa akiwa kwenye oksijeni, mafuta yasikaribie uso wala msiwashe mshumaa; ongeeni na nesi kwanza.

*Mama ameombewa, anajisikia nafuu, anataka kuacha dawa za TB. Nimjibuje?*
Amalize dozi, ambayo kwa kawaida ni miezi 6. Nafuu huja mapema, wadudu wangali hai, na dozi ikikatishwa wanaweza kurudi wakiwa sugu. Mpe Isaya 38: mfalme Hezekia aliugua, aliomba, akaongezewa miaka 15, na bado Isaya akaagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu lake.

*Nina kisukari, nataka kufunga siku tatu kwa ajili ya mume wangu.*
Dada, usifunge chakula bila kuongea na kliniki yako. Ukitumia insulini au vidonge, sukari inaweza kushuka ghafla ukaanguka. Funga simu, au funga mazungumzo ya jioni. Mwenye kuuguza asiye na nguvu hamsaidii mgonjwa.

*Mgonjwa hajitambui. Niombe kwa sauti?*
Ndiyo, polepole, ukimtaja kwa jina. Huenda anasikia. Kwa sababu hiyohiyo, habari za mazishi na urithi zijadiliwe nje.

*Mwezi wa tatu tunaomba, hakuna badiliko. Imani yetu ni haba?*
Paulo aliomba mara tatu, mwiba wa mwilini mwake haukutoka (2 Wakorintho 12:8–9), na mwenzake wa safari, Trofimo, alimwacha Mileto akiwa mgonjwa (2 Timotheo 4:20). Hapo hakuna aliyelaumiwa kwa imani haba. Kwa sasa iwekeni kando Zaburi ya 13, chukueni ya 88. Ina mistari 18, inaanza kwa kilio na inaishia gizani. Someni kwa zamu, mstari mmoja wewe, mmoja yeye, na mkichoka katikati, wekeni alama mwendelee kesho.