Jinsi ya kuusoma mkataba wa bandari kabla hujashangilia wala kupiga kelele

Mi nafanya klearing hapa Dar, yaani natoa mizigo ya wateja bandarini. Kila akitangazwa mwekezaji wa bandari simu inajaa meseji, "we si mtu wa bandari, tunapigwa au hatupigwi?" Nimechoka kujibu mmoja mmoja, sasa nawaandikia navyousoma mwenyewe.

Hatua ya 1: jua umeshika karatasi gani. Hapa ndo wengi walipotea 2023. Kilichopita bungeni Juni 10 kilikuwa makubaliano ya Tanzania na Dubai, yaani fremu tu. Mikataba ya kazi, ile ya DP World, kampuni ya bandari ya Dubai, kuendesha magati ya bandari ya Dar kwa miaka 30, ilisainiwa Dodoma Oktoba 22. Watu walishapigana mitandaoni wakamaliza, na hela ziko kwenye hii ya pili.

Hatua ya 2: ruka utangulizi, nenda kwenye muda na kuvunja mkataba. Ibara ya 23 ya yale makubaliano ndo iliwasha moto, ilisema hakuna anayeruhusiwa kujitoa hata mwenzake akikiuka vibaya. Angalia na kuongeza muda pia. TICTS, kampuni iliyoendesha makontena bandari ya Dar, walipewa kitengo hicho mwaka 2000 kwa miaka 10, kufika 2005 ukaongezwa ukawa 25, na ule wa kwanza ulikuwa bado una miaka mitano mbele! Tafuta nani ana kalamu ya kuongeza, na kama lazima kazi ipimwe kwanza.

Hatua ya 3: tafuta kifungu cha "peke yangu", kinachompa mwekezaji haki ya kutokuwa na mshindani. Mradi wa bandari ya Bagamoyo ulikwama hapa, Magufuli 2019 alisema wawekezaji walitaka tusiendeleze bandari nyingine toka Tanga mpaka Mtwara, juu yake ardhi miaka 99. Ukishasaini kitu kama hicho kutoka ni ghali, waulize Djibouti: waliichukua Doraleh, bandari ya makontena iliyokuwa mikononi mwa DP World, 2018, mwaka uliofuata mahakama ya usuluhishi ya London ikawaambia walipe dola milioni 385 kwa kuvunja haki hiyo ya upekee.

Hatua ya 4, na hii wanasiasa hawaigusi kabisa: vipimo. Niliwahi kuwa na kontena la mteja, likashushwa melini siku hiyohiyo meli ilipofunga gati, safi, halafu siku nne linatafutwa yadini halionekani na storeji, yaani ada ya mzigo kukaa yadini, inasoma kama kawaida, mteja ananipigia usiku ananiita mwizi. Ripoti ya mwendeshaji mwezi ule bila shaka iling'aa maana kinachopimwa ni winchi imeshusha makontena mangapi kwa saa, basi. Kwa hiyo tafuta kama mkataba unapima pia siku za mzigo yadini na masaa ya lori toka linaingia geti mpaka linatoka. Kisha faini inaenda kwa nani? Ikiishia mamlaka ya bandari, mteja wako kaliwa tu.

Hatua ya 5: wavuvi. Kwenye ujenzi wa bandari ya Lamu, Kenya, mahakama iliamuru 2018 wavuvi kama 4,600 wafidiwe shilingi bilioni 1.76 za Kenya, na hapo kazi baharini ilishaanza zamani. Tafuta mstari unaosema nani analipa fidia na lini. Kama haupo mfuate mbunge wako kabla ya kusainiwa, dreja, ile mashine ya kuchimba chini ya bahari, ikishaingia majini umebakiwa na wakili.