SOMO: Kulinganisha makali ya kisu cha kukunja cha bei chee na chenye jina

Wakuu, nimechoka kuulizwa "Victorinox (kisu cha Uswisi chenye jina) na cha machinga kipi kikali?" Naandika mara moja, atakayeuliza tena nitamrudisha hapa.

1. Tafuta visu viwili vyenye bapa za ukubwa unaokaribiana.

2. Vijaribu kwenye gazeti kama vilivyotoka dukani, kisha sahau matokeo. Hapo umepima mashine ya kiwandani, chuma bado.

3. Vinoe vyote mwenyewe, jiwe moja, pembe moja. Nyuzi 20 kila upande zinatosha: bapa la upana wa mm 15, mgongo unainuka kama mm 5 juu ya jiwe. Wengi wanaharibu hapa. Ukinoa, chuma hujikunja upande wa pili na kuacha uzi mwembamba. Uzi huo unaweza kunyoa hadi nywele za mkono, ukashangilia, halafu ukikata kamba kidogo unalala na kisu kinakuwa butu. Chuma laini hutoa uzi mkaidi zaidi, ndiyo maana kisu cha bei chee husingiziwa kwamba hakishiki makali kumbe hakijamalizwa kunolewa. Papasa kutoka mgongoni kwenda nje ya ukingo (USIPITISHE kidole kwa urefu wa makali!). Kikikwaruza, uzi upo. Geuza upande kila pitisho, legeza mkono, malizia kwenye mkanda wa ngozi, mgongo ukitangulia. Na grainda usiiguse: ukingo ukigeuka bluu kwa joto, chuma kimeshalainika.

4. Kata kamba ya katani juu ya ubao, ukihesabu na kukijaribu kisu kwenye gazeti kila baada ya mikato kadhaa, hadi gazeti lianze kuchanika badala ya kukatika. Kisu cha pili, kamba ileile.

5. Tazama ukingo chini ya taa. Penye kumeta ndipo palipokufa.

MASWALI

Mzee wa Fasta: Kwa kifupi mkuu, ninunue kipi?
– Soma namba 3.

Kijiti: Changu kimeandikwa Stainless, si ndiyo bora?
– Neno hilo linahusu kutu tu. Ugumu hutegemea sana kaboni: chuma aina ya 3Cr13 kina kaboni karibu 0.3%, aina ya 440C karibu 1%, na zote ni Stainless.

Bosi Mdogo: Uongo. Changu cha elfu tano kimeishinda Victorinox.
– Vyote ulivinoa? Na hiyo Victorinox una hakika si bandia? Sijasema cha bei chee hakiwezi kushinda. Kikipikwa vizuri kiwandani (chuma kupashwa moto na kupozwa ili kiwe kigumu) kinaweza. Shida ni kwamba viwili vya boksi moja huweza kutofautiana.

Mama Shamba: Nimefuata hatua zote. Cha bei chee kiliisha makali mapema ila kunoa kwake ni rahisi sana. Kisu changu cha Opinel, cha chuma cha kaboni kisicho Stainless, nacho kimepata madoa ya kijivu, ni kutu?
– Umepima vizuri, dada. Chuma laini hunoleka upesi. Hata Victorinox huacha chuma chao karibu HRC 56 (kipimo cha ugumu wa chuma), hakijawa kigumu sana, ili kinoleke popote. Kijivu baada ya ndimu au embe ni asidi, kiache. Rangi ya kahawia ndiyo ya kusugua. Kifute, paka mafuta kidogo, wala usikiloweke: mpini wa mti huvimba na bapa likagoma kufunguka.

Kijiti: Na kama sina jiwe?
– Geuza kikombe cha kauri. Ile duara ya chini isiyong'aa inarudisha makali vizuri tu.

Mama Shamba: Kweli! Nimejaribu na sahani pia.
– Mradi duara yake ya chini iwe haijapakwa ule mng'ao.