Kabla hujafunga kontrol boksi mpya, tafuta kilichoua ya zamani

Land Cruiser yangu ni FJ40, injini 2F ya silinda sita. Ilitoka kiwandani na kabureta. Mimi nikaifungia nozeli za kupulizia petroli na kontrol boksi ya kununua, yaani kompyuta ndogo inayoongoza petroli na cheche. Siku moja ikazima barabarani. Stata inazungusha vizuri, ila cheche hakuna, na pampu ya mafuta, ambayo huvuma kama sekunde mbili ukiwasha swichi, kimya.

Usikimbilie dukani. Chukua mita. Waya wa boksi unaotoka betri moja kwa moja uwe na volti 12 muda wote. Waya wa swichi uwe nazo pia wakati stata inazunguka, maana kuna waya zinazokata umeme hapo hapo, ukadhani boksi imekufa. Kisha pima volti 5 kwenye sensa ya aksereta. Zisipokuwepo, chomoa sensa moja moja. Zikirudi, hiyo uliyochomoa mwisho ndiyo yenye shoti, na boksi ni nzima. Yangu ilibaki sifuri hata nilipochomoa sensa ya mwisho, basi mbovu ni boksi yenyewe.

Nilipoifungua boksi, harufu ya kuungua ikanipiga puani. Njia moja ya shaba, nyembamba kama uzi, ilikuwa imekatika na kuacha doa jeusi. Ilikuwa njia ya hasi ya sensa. Hapo nikaelewa: nilipopaka rangi bodi, waya mnene wa hasi wa injini niliufunga juu ya rangi. Umeme wa stata, mamia ya ampea, ukakosa njia ya kurudi betri, ukapita kwenye vijiwaya vya sensa. Ningefunga boksi mpya siku ile, nayo ingeungua.

Kwa hiyo kwangura rangi mpaka chuma king'ae, kaza, halafu pima: ncha moja ya mita kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye bloku ya injini, mwenzako apige stata. Ikizidi nusu volti, bado hujamaliza. Pima na nozeli pia. Zangu zina omu 14. Zile za omu 2 au 3 huunguza boksi isiyotengenezwa kwa ajili yake.

Kufunga kwenyewe ni kazi ndogo: toa terminali ya hasi, weka boksi mbali na waya za plagi, rudisha faili uliyohifadhi kwenye kompyuta ikiwa toleo la programu ni lile lile. Ifundishe boksi mwanzo na mwisho wa aksereta. Asubuhi, injini ikiwa baridi, joto la maji na la hewa yasome karibu sawa.

Taimingi, yaani wakati wa cheche kupiga, usiikisie. Kwenye 2F kuna gololi ndogo kwenye flaiwili, nayo ni digrii 7 kabla pistoni haijafika juu kabisa. Iamuru boksi ibaki kwenye 7, mulika kwa taa ya taimingi, rekebisha mpaka gololi isimame kwenye alama ya dirisha dogo la kutazamia flaiwili. Boksi yangu ilikuwa inadai 7 huku gololi haionekani kabisa dirishani. Nilizungusha distribyuta kidogo kidogo mpaka ikatokea, na injini ikatulia.