Kufufua amplifaya ya miaka ya 1970: transista zipi zilinganishwe, na kwa kipimo gani

Amplifaya nyingi za Kijapani za miaka ya 1970 zinazofika mezani kwa fundi zikisemwa zimekufa, bado zina uhai mwingi. Transfoma ni nzima, bati la kupozea halina neno. Kilichoungua ni transista chache za mwisho, pamoja na kitu kilichoziunguza. Kazi inaharibika pale mtu anapoweka transista mpya kwa kuangalia namba tu.

Nazungumzia mpangilio uliozoeleka wa enzi ile: mwanzoni transista mbili ndogo, zinazolinganisha sauti inayoingia na ile inayorudi kutoka upande wa spika, katikati transista za kusukuma, mwishoni zile kubwa za chuma za umbo la TO-3, za aina mbili zinazofanya kazi kinyume kwa chanya na hasi, NPN na PNP. Kila transista ina miguu mitatu: besi, emita na kolekta.

Hatua ya 1: Soma nyuma ya kasha

Amplifaya iliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani hutumia volti 100. Mitumba ya aina hiyo huku kwetu ipo, na ukiichomeka kwenye 230 unaimaliza. Kama ina swichi ya kuchagua volti, iweke 240, si 220, kwa kuwa umeme wetu mara nyingi hupanda.

Kisha toa chaji ya kapasita kubwa kwa risista ya omu 220, wati 5. Usizipige shoti kwa bisibisi. Pima kwa mita hadi volti ziishe, ndipo uingize mkono.

Hatua ya 2: Tafuta muuaji

Ng'oa transista kubwa, pima zenye shoti. Usiishie hapo. Pima transista za kusukuma, risista za emita (mara nyingi omu 0.22 hadi 0.5) na risista ndogo zilizo kwenye besi. Angalia gundi ya zamani iliyogeuka kahawia: hula miguu ya vipuri na kupitisha umeme. Ikwangue yote.

Mshukiwa wangu wa kwanza ni trima ya bayasi, yaani risista ndogo ya kuzungusha inayopanga bayasi, mkondo mdogo unaopita kwenye transista za mwisho hata pasipo sauti. Katika saketi nyingi, trima yenye kutu ikipoteza mguso, bayasi hupanda ghafla na transista za mwisho huungua. Ibadilishe hata kama inaonekana nzima. Anayefuata ni dayodi ya bayasi iliyoegemea bati la kupozea, kama STV-3H, ambayo miguu yake hukatika kwa uzee. Dayodi tatu za 1N4148 kwa mfululizo hukaa mahali pake, mradi ziguse bati vizuri, kwa sababu kazi yake ni kuhisi joto.

Hatua ya 3: Linganisha zile mbili ndogo

Hapa ndipo mafundi wengi wanapopita haraka mno. Tuseme kila transista inapitisha miliampea 1, na besi ya kila moja imeshikwa na risista ya kilo-omu 47. Moja ikiwa na hFE (mara ambazo transista hukuza mkondo wa besi) ya 300, mkondo wa besi yake unaangusha takriban milivolti 157 kwenye risista hiyo. Nyingine ikiwa na 400, ni milivolti 118. Tofauti hiyo ya milivolti 39 inakwenda moja kwa moja kwenye spika kama DC, umeme usiogeuka mwelekeo. Kwa hiyo hapa linganisha hFE kwanza, volti ya besi na emita baadaye.

Nunua nyingi kuliko unazohitaji, za fungu moja. Mimi hutumia KSC1845 (NPN) na KSA992 (PNP) za daraja F: zinahimili volti 120 na kelele yake ni ndogo sana. Angalia miguu: mpangilio ni emita, kolekta, besi, tofauti na 2N5551.

Kwa NPN, chukua umeme tulivu wa volti 12. Emita kwenye hasi. Besi kwenye chanya kupitia mega-omu 1. Kolekta kwenye chanya kupitia kilo-omu 1. Pima volti juu ya ile kilo-omu 1, zidisha kwa 88, umepata hFE. Kwa PNP geuza chanya na hasi. Chagua zinazokaribiana ndani ya asilimia 5.

Kisha unganisha kolekta na besi, zilishe kwa kilo-omu 10, upime volti ya besi na emita. Ikizidi tofauti ya milivolti 2, tafuta pacha mwingine. Shika kwa kibanio, usiguse kwa vidole, subiri kidogo kabla ya kusoma: kila nyuzi moja ya joto hushusha takriban milivolti 2. Zikishakaa kwenye bodi, zigusanishe uso kwa uso kwa grisi ya joto.

Hatua ya 4: Zile kubwa

NPN na PNP hazihitaji kufanana sana. Mrejesho wa saketi hurekebisha. Zinazotakiwa kufanana ni zilizofungwa sambamba upande mmoja. Kwa risista za omu 0.22, tofauti ya milivolti 20 ya volti ya besi na emita inaweza kupeleka karibu miliampea 90 zaidi kwa moja, nayo ndiyo itakayochemka peke yake.

Unganisha kolekta na besi, lisha kwa volti 12 kupitia omu 100 ya wati 5, upime volti ya besi na emita. Zitapita kama miliampea 114, na transista haipati joto la maana. Panga zilizo ndani ya milivolti 5.

MJ15003 na MJ15004 (volti 140, wati 250) zinatosha amplifaya nyingi. Usikimbilie transista za kasi kubwa kama 2SC5200: saketi ya zamani inaweza kuanza kujitetemesha yenyewe. Feki ni nyingi. Bei ya chini kupita kiasi na maandishi yanayofutika kwa asetoni yatoshe kukurudisha nyuma.

Weka maika (kipande chembamba kinachozuia umeme) na grisi mpya, kisha hakikisha mwili wa transista haugusani na bati.

Hatua ya 5: Kuwasha

Funga balbu ya waya ya wati 60 kwa mfululizo na umeme, LED haifai. Spika zisiwepo. Trima iwe kwenye bayasi ya chini kabisa. Balbu iwake kisha ififie. Ikibaki kali, zima, bado kuna shoti.

Ikififia, pima DC kwenye vituo vya spika: chini ya milivolti 50 inakubalika, mimi hutaka chini ya 20. Toa balbu, pandisha bayasi polepole ukipima juu ya risista ya emita. Milivolti 10 kwenye omu 0.33 ni miliampea 30, mahali pazuri pa kuanzia kama karatasi ya kiwanda imepotea. Acha nusu saa, pima tena vyote viwili, rekebisha, kisha funga spika ya bei ndogo kwanza.